Tupeane uzoefu: kuhamisha mafaili kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya

Steshenari Chikongola
Habari za jioni ndugu zangu wa Kusini. Leo mteja kanijia anaulizia mkataba wa kiwanja niliomchapia 2011. Upo, na najua ulipo: kwenye ile kompyuta ya zamani ya Windows XP ya kona, yenye monita ya chogo. Nikaona bora nihamishe kila kitu kabla haijazimika moja kwa moja. Nimeiunganisha na laptopu ya Windows 11 kwa waya. Nikiipigia ping, yaani kuiita kuona kama ipo, inaitika, nikitaka kufungua folda naambiwa si salama, inatumia SMB1, ile lugha ya zamani ya Windows ya kupeana mafaili kwenye mtandao, iliyopitwa na wakati. Nipo hapa tangu saa nane mchana. Aliyewahi kupita njia hii atusimulie alivyovuka, na aliyekwama aseme alikwamia wapi.

Mwana wa Newala
Hiyo SMB1 imenitoa jasho mkuu. Nipo nasoma.

Katibu Mstaafu
Kaka, umenigusa kwenye kidonda. Nilikuwa katibu wa chama cha msingi huku Tandahimba, na haya yalinikuta Oktoba 2019, msimu wa korosho umechanganya. Rejista yote ya wakulima ilikuwa kwenye XP: majina, namba, kilo walizopeleka ghalani, anayedaiwa na anayedai. Ikaletwa kompyuta mpya ya Windows 10, nikaambiwa hadi Jumatatu kila kitu kiwe humo, maana mnada umeshapita na watu wanasubiri hela yao. Flashi ilishindikana. Matundu ya USB ya ile XP yalishalegea, ukichomeka inawaka na kuzima.

Saa moja usiku nikaanza, nimekaa sakafuni, tochi ya simu nimeibana kwa meno. Waya nimechomeka pande zote mbili lakini ile taa ndogo ya kijani kwenye tundu haiwaki. Nikachomoa, nikapuliza, nikarudisha. Haiwaki. Nikafungua kava. Juu ya kadi ya mtandao kuna mayai mawili ya mjusi, na kadi yenyewe imenyanyuka upande mmoja. Nikayatoa mayai, nikaikandamiza kadi kwa kidole gumba, nikawasha. Taa ikawaka. Nililia, sisemi uongo.

Bado sasa. XP nikaipa anwani ya mtandao (IP) 192.168.10.1, mpya nikaipa 192.168.10.2, zikaonana. Folda hazifunguki. Nikawasha SMB1 kwenye ile mpya, kule kwenye orodha ya kuwasha na kuzima vipengele vya Windows, nikaizima kompyuta na kuiwasha upya. Ikauliza jina na paswedi. XP yetu haikuwa na paswedi, ikakataa. Nikaiwekea, ikakubali. Faili la mwisho limeingia saa kumi alfajiri, na saa mbili asubuhi wazee wameshakaa kwenye benchi nje ya mlango.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia: baada ya wiki kadhaa nilirudi kuchukua mafaili yaliyobaki, ikagoma tena. Kumbe Windows huiondoa SMB1 yenyewe isipotumika kwa siku 15 za kompyuta kuwa imewashwa.

Mwana wa Newala
Hiyo ya siku 15 ndiyo iliyonikuta! Nikalaumu waya, nikanunua mwingine.

Fundi Waya
Steshenari, usijitese. Washa SMB1, hamisha, maliza. XP haijui lugha nyingine, SMB2 ilianza na Vista. Kazi ya nusu saa.

Mlinzi wa Data
Fundi, unampa mtu ushauri nusu. Mei 2017 kirusi cha WannaCry, kinachofunga mafaili na kudai hela, kiliingia kwenye kompyuta za watu dunia nzima kupitia tundu la usalama la SMB1, hospitali za Uingereza zikashindwa kufungua mafaili ya wagonjwa. Kiraka cha kuliziba kilikuwa kimeshatoka Machi mwaka huohuo, wengi hawakukiweka. Ni kwa ajili ya hatari kama hiyo Windows mpya huja bila SMB1. Huwezi kumwambia mtu awashe tu.

Fundi Waya
Hapa tunaongelea barua za steshenari, kaka. Nimefanya kazi hii miaka mingi Mtwara mjini, sijaona mteja wangu hata mmoja akifungiwa mafaili.

Mlinzi wa Data
Kutoona hakumfanyi salama. Steshenari inapokea flashi za watu mia kwa wiki, na kila moja ina mambo yake. Nasema hivi: chomoa ruta, zima Wi-Fi, ziache kompyuta mbili na waya mmoja. Hapo washa SMB1, hamisha, izime siku hiyohiyo.

Fundi Waya
Kuchomoa ruta nakubaliana nawe. Ungesema hivyo tangu mwanzo.

Baharia wa Mikindani
Mimi SMB1 siigusi kabisa. Weka FileZilla Server kwenye laptopu, programu ya kupokea mafaili kwa FTP, njia nyingine ya kupelekeana mafaili kwenye mtandao, tengeneza mtumiaji mwenye paswedi, halafu kwenye XP fungua folda yoyote na kule juu andika ftp:// ukifuatisha IP ya laptopu. Inafunguka kama folda ya kawaida, unaburuta mafaili. Ila hakikisha umeruhusu FTP ya kawaida, maana ile ya kusimbwa kwa siri folda za XP haziijui. Na kwa sisi wa pwani: XP ikilia mlio mrefu bila kuonyesha picha, chomoa RAM, ile kadi ndogo ya kumbukumbu, sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli. Chumvi ya hewa ndiyo inayokula pale.

Mama Shangani
Yote hayo ya nini? Toeni diski, ichomekeni kwenye kompyuta mpya kwa adapta.

Katibu Mstaafu
Mama, shikamoo. Diski iliyozunguka miaka kumi na tano ikiwa imelala mahali pamoja, mimi ningeogopa kuisogeza.

Mjukuu wa Nachingwea
Naomba niseme, maana hii ya diski imenirudisha mbali.

Babu yangu alikuwa mwalimu. Alipostaafu alianza kuandika maneno ya Kimwera na maana zake kwa Kiswahili, herufi moja faili moja, kwenye kompyuta ya Windows 98. Kila alasiri, baada ya kuswali Alasiri, tulikuwa tunasikia vitufe vinagonga. Alifariki, Mungu amrehemu, kompyuta ikabaki chumbani kwake imefunikwa kitenge. Tulipotaka kuhamisha, haina kadi ya mtandao. Flashi haiitambui, Windows 98 inadai driva, programu ya kuitambulisha. Imebaki disketi, na disketi inabeba MB 1.44 tu, halafu mdomo wa kupokea disketi umejaa vumbi. Tukatoa diski tukaiunganisha kwa adapta. Ikazunguka, ikaanza kulia tik, tik, tik. Bibi yuko mlangoni anasikia.

Adhana hiyo, nakuja.

Mwana wa Newala
Usituache hapo!

Steshenari Chikongola
Yangu nimeisahau kabisa. Tunasubiri.

Mama Shangani
Mungu wangu. Bibi wa watu.

Mjukuu wa Nachingwea
Nimerudi. Tukaizima haraka. Kaka yangu akataka tuiwashe tena na tena hadi ikubali, mimi nikakataa. Tukagombana mbele ya bibi. Kesho yake asubuhi na mapema, kabla ya joto, tukaiwasha. Ikasomeka. Sikufungua faili lolote, nikaanza kunakili moja moja, ndogo kwanza. Umeme ukakatika tukiwa kwenye herufi ya M. Uliporudi, ikalia tena. Ikasomeka mara moja nyingine, dakika chache, halafu kimya.

Kuanzia N hadi S hatukupata. Sasa kila nikienda nyumbani nakaa na bibi na daftari, namuuliza maneno. Anayakumbuka mengi kuliko tulivyodhani. Nikikosea kuyatamka anacheka hadi anafuta machozi.

Katibu Mstaafu
Nimeshindwa hata kuandika. Mungu amzidishie umri.

Fundi Waya
Mjukuu, hiyo diski usiitupe. Iweke kwenye mfuko mkavu, wapo wanaofungua diski na kusoma sahani zake. Ghali, lakini wapo. Na wewe Mlinzi nisamehe, nilikuharakia.

Mlinzi wa Data
Hamna neno kaka.

Steshenari Chikongola
Nimechomoa ruta, nimefuata njia ya Baharia. FTP imekubali! GB 18, waya wa zamani unapeleka kama MB 8 kwa sekunde, sijafunga duka hadi iishe. Mkataba wa yule mzee umeshaingia, folda ya 2011. Faili moja tu lilikataa kwenda kwenye diski ya nje, video ya harusi ya GB 5, diski imepangwa kwa FAT32, mtindo wa zamani, na faili moja mwisho wake GB 4. Hiyo nimeiacha kwenye laptopu kwanza.

Mwana wa Newala
Nami kesho naanza yangu. Nani ana adapta ya diski za IDE, zile za zamani za waya mpana, karibu na Masasi?

Mama Shangani
Ninayo mimi, na waya wake wa umeme. Ijumaa nakuja Masasi kwenye msiba, nipigie nikupe.