Siku 10, visiwa vitano vyenye mwamba: mivuko ya boti ipangweje?

MsafiriMpya
Habari zenu wakuu. Tuko wanne, watu wazima, tunataka kuzunguka visiwa vya matumbawe vya nchi za joto kwa siku 10. Tumechagua visiwa vitano, kila kimoja kina lagoni yake (maji matulivu yaliyozungukwa na mwamba), na kati ya kimoja na kingine ni boti ndogo ya mashine, mwendo wa dakika 40 hadi saa mbili na nusu. Siku ya mwisho tunachukua ndege ndogo mchana hadi kisiwa kikubwa, halafu ndege ya kimataifa jioni hiyohiyo. Wawili kati yetu wanapiga mbizi kwa mtungi. Ratiba hii inawezekana? Na saa ya kuondoka tuipangeje, alfajiri au mchana?

Omo_na_Tezi
Karibu ndugu. Punguza visiwa viwe vitatu. Siku ya kuhama humezwa yote hata kama mvuko wenyewe ni wa saa moja: kufunga mizigo, kungoja maji, kupakua, kuanza upya. Ukihama mara nne hubakiwi na hata siku moja ya akiba, na siku ya upepo mkali haikosekani.

Saa ya kuondoka haichaguliwi kwa alfajiri au mchana, inachaguliwa kwa maji. Kabla ya kulipia chochote fungua kalenda ya mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, na kilele chake kwa kawaida ni siku moja au mbili baadaye: maji hujaa mno na kupwa mno. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Siku za kuvuka ziweke kwenye maji mafu, za kukaa ziweke kwenye bamvua. Bamvua ikipwa, boti inabaki mbali na ufuo na mnatembea na mizigo kichwani juu ya mwamba wenye utelezi. Kwa aliyekaa kisiwani bila haraka, hayohayo ndiyo maji mazuri ya kwenda kutazama vidimbwi.

Ondokeni maji yanapojaa, yakiwa nusu hivi. Boti ikigusa mchanga wakati maji yanapanda, ngojeni kidogo, yataiinua. Ikigusa wakati yanatoka, mmekaa hapo mpaka yarudi, na kila dakika inazidi kulalia ubavu. Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti ya kujaa na kupwa mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 2.4, fungu moja ni sentimita 20, kwa hiyo saa ya tatu peke yake inaongeza sentimita 60. Hiyo ndiyo inayoamua kama mashine itakwaruza tumbawe au itapita. Kila siku saa za maji husogea mbele kama dakika 50, basi usinakili ratiba ya jana.

Jambo la pili ni jua. Ndani ya lagoni nahodha anasoma rangi: buluu iliyoiva ni kina, kijani cha kung'aa ni mchanga na maji machache, kahawia ni tumbawe lililo karibu na uso. Rangi hizo zinaonekana jua likiwa juu na mgongoni, tuseme saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Jua likiwa usoni, bahari yote ni kioo tu.

Mlango_wa_Mwamba
Omo_na_Tezi kasema vyema, ila niongeze kitu ambacho jedwali la maji halikionyeshi: mkondo wa mlangoni, yaani kwenye pengo la mwamba ambalo boti huingilia na kutokea. Mawimbi ya nje yanaruka juu ya mwamba na kumwaga maji ndani ya lagoni muda wote. Maji hayo njia yake ya kutokea ni mlango. Kukiwa na mawimbi makubwa, mkondo unaweza kuendelea kutoka hata wakati jedwali linasema maji yanajaa, na ule muda wa maji kutulia ukachelewa sana au usije kabisa. Bora Bora, kisiwa cha Polinesia ya Ufaransa, kwa mfano, ina mlango mmoja tu unaopitika kwa vyombo, Teavanui. Hakuna pengine pa kujaribu.

Hatari yenyewe ni mkondo unaotoka ukikutana na mawimbi yanayoingia. Yanasimama wima, mafupi, yanavunjika palepale mdomoni. Boti ndogo isipite hapo, ingojee. Ukiona mstari mweupe unaokatiza mlango wote huku nje pembeni bahari ni ya kawaida, basi ndiyo hiyo.

Na msiogelee mlangoni maji yakitoka. Mtu akichukuliwa asishindane na mkondo, aukate kwa upande na kuinua mkono aonekane.

Tahadhari nyingine: hiyo kanuni ya dakika 50 si ya kila mahali. Tahiti maji hujaa karibu na adhuhuri na usiku wa manane kila siku, na tofauti ni kama sentimita 30 tu, kwa sababu pale nguvu ya mwezi ni dhaifu na linalotawala ni jua. Ulizeni wenyeji kabla ya kuamini hesabu.

MsafiriMpya
Asanteni sana, tumeshakata viwili. Vipi kuhusu mizigo na hiyo siku ya mwisho?

Kina_Kirefu
Siku ya mwisho haifai, mkuu. Lala usiku wa mwisho kisiwa kikubwa. Ndege ndogo ikiahirishwa kwa hali ya hewa, ile ya kimataifa haitawangoja.

Kwa wapiga mbizi: baada ya kuzama mara moja bila vituo vya lazima wakati wa kupanda, subirini saa 12 au zaidi kabla ya kuruka kwa ndege, mkizama mara kadhaa au siku mfululizo, saa 18 au zaidi. Waliolazimika kusimama njiani kupunguza naitrojeni wangoje zaidi ya hapo. Hesabuni kuanzia mlipotoka majini.

Mabegi yawe laini. Sanduku gumu halikai chini ya benchi la boti. Mzigo mzito uwekwe chini, katikati. Mfuko usiopitisha maji ukunje mdomo mara tatu au nne, uache hewa kidogo ndani ili ukianguka uelee. Unaovuja mara nyingi haujatoboka, una mchanga kwenye mikunjo: ufute kwa kitambaa kabla ya kuukunja. Betri ya akiba ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni Wh 74, chini ya kikomo cha kawaida cha Wh 100, lakini hubebwa mkononi ndani ya ndege tu.

Kwenye boti kaeni karibu na tezi, yaani nyuma. Omo, yaani mbele, ndiyo inayopiga mawimbi na ndiyo inayoumiza uti wa mgongo. Mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Jaketi okozi zihesabiwe ufukweni, kabla nanga haijang'olewa.

Matumbawe
Nyongeza fupi. Jeraha la tumbawe lisugueni kwa maji safi na sabuni siku hiyohiyo, kwa sababu vipande vidogo hubaki ndani na kidonda hakifungi. Mkichomwa na taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani), zamisheni mguu katika maji ya moto yanayovumilika, nyuzi 40 hadi 45, kwa dakika 30 hadi 90, kisha muoneni daktari. Anayepima joto awe mtu ambaye hajachomwa, kwa maana ngozi yenye maumivu haitambui kuungua. Mkitembea kwenye mchanga wa maji mafupi burutani miguu, taa huhisi na kuondoka.

Maji ya kunywa pia. Kwenye visiwa vidogo maji baridi ya kisima ni tabaka jembamba linaloelea juu ya maji chumvi, na kiangazi huwa na munyu. Bebeni ya siku mbili zaidi ya mlivyopanga.