Kinyonga wangu anafumba macho mchana kweupe, nimtibu vipi?

TawiLaJuu

Habari zenu wakuu. Nina kinyonga wa Yemen, dume, mwaka mmoja na miezi kadhaa, yule jamii ya wenye kishungi kirefu kichwani. Siku ya sita leo anafumba jicho la kulia mchana kweupe. Mwanzo nilidhani ni usingizi, nikamwacha. Juzi nikaona kope imevimba upande wa chini, na pale kwenye kitundu cha mboni pana kitu kama tongotongo lililokauka. Hilo jicho analizungusha, analitokeza nje kama puto, kisha analisugua kwenye tawi. Jana hakugusa nyenje hata mmoja, na huyu ni mlafi ambaye kwa kawaida ulimi unatoka kabla sijafunga mlango wa tundu.

Nina chupa ya matone ya macho iliyobaki, niliandikiwa mwenyewe nilipougua macho. Naweza kumtia tone moja? Na nimeambiwa karoti inatibu, ni kweli? Naomba kuwasilisha.

NyenjeMia

Pole mkuu. Huko kutokeza na kuzungusha ndivyo wanavyojisafisha jicho, kwa hiyo kuna kitu kinamkera ndani. Wangu aliwahi kubakiwa na kipande cha ngozi kuukuu chini ya kope baada ya kujivua gamba. Nilichofanya: niliweka mmea wa chungu bafuni, nikampandisha juu yake, nikafungulia bomba la mvua maji ya uvuguvugu, lakini nikalielekeza ukutani ili yamfikie manyunyu tu. Dakika 20 hivi. Akazungusha jicho weee, mwisho likatoka lenyewe. Usimwache peke yake humo, na chini pasituame maji.

MzeeWaTundu

Hayo matone usimtie! Kwanza soma boksi lake. Ukiona deksamethasoni, prednisoloni au ndugu yao yeyote wa steroidi, weka pembeni kabisa. Mnyama anayesugua jicho kwenye tawi anaweza kuwa ameshajichubua kioo cha jicho, na steroidi juu ya mchubuko huchelewesha kupona na kuwapa bakteria nafasi. Kidonda kidogo kinageuka tundu. Kwa sasa cha kutumia ni maji ya chumvi safi ya kuoshea macho, yale yasiyo na dawa ndani. Si ya kukoroga jikoni.

KaroTamu

Macho yakivimba ni upungufu wa vitamini A, hiyo inajulikana. Mpe nyenje karoti wale kwa wingi, halafu kinyonga awale nyenje. Wiki moja tu utakuja kushukuru hapa.

BiGamba

@KaroTamu ngoja kidogo dada yangu. Upungufu wa vitamini A ni kweli huvimbisha kope, na mara nyingi ulimi nao unaanza kukosa shabaha au kushindwa kunata. Lakini ndani ya karoti mna beta-karotini, ambayo mwili lazima uigeuze kwanza ndipo iwe vitamini A, na kwa vinyonga hakuna uhakika kwamba kazi hiyo wanaiweza vizuri. Ndiyo maana mfugaji anatakiwa aangalie kama unga wake wa vitamini una retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari. Karoti kwa nyenje ni chakula kizuri, siikatai, ila kuiita dawa hapana.

Na kabla mtu hajamwambia amnyweshe vidonge: vitamini A hukaa mwilini, haitoki na mkojo kama vitamini C. Ikizidi ni sumu. Sindano au matone ya vitamini apewe na daktari aliyempima uzito.

@TawiLaJuu tusikimbilie dawa wakati hatujui tundu likoje. Nijibu haya: ni jicho moja kweli au yote mawili? Anafumba saa ngapi zaidi? Taa ya UVB, ile inayotoa miale ya urujuanimno kama ya jua, ni ya aina gani, ina muda gani, na iko mbali kiasi gani na tawi analootea joto? Unamnyunyizia maji mara ngapi? Ile sehemu ngumu ya mkojo ni nyeupe au ya rangi ya chungwa?

TawiLaJuu

Dada, umenifanya nikae mbele ya tundu mchana mzima. Majibu: maji nanyunyizia asubuhi na jioni, kama dakika moja. Mkojo mweupe wenye ncha ya njano. Macho hayajabonyea ndani. Unga wa vitamini nimesoma, una beta-karotini tu, retinoli haimo.

Taa sasa. Nilikuwa na tyubu ndefu, ikafa. Wiki tatu zilizopita nikaweka ile fupi iliyojisokota, ya UVB pia. Inaning'inia ndani ya tundu, na tawi lake la juu kabisa liko kama sentimita 10 chini yake.

Na kuna jambo nimeligundua leo tu. Saa sita mchana lile la kushoto nalo alikuwa analifumba. Jioni nilipozima taa, baada ya robo saa akafumbua yote mawili, la kulia nusu.

MzeeWaTundu

Umejijibu mwenyewe hapo mwisho.

BiGamba

Kabisa. Jicho moja likiumwa fikiria uchafu, ngozi au jeraha. Yakiwa mawili, fikiria kitu kinachompata mwili mzima au kinachommulika. Mafundi wa kuchomelea wanajua hali hii: ukikodolea cheche bila miwani, usiku macho yanakuwa kama yamejaa mchanga. Miale ya UVB ikiwa kali na karibu huunguza uso wa jicho vivyo hivyo, na kinyonga hana miwani, ana kope tu. Anazifumba.

Usiku huu itoe hiyo taa. Siku chache bila UVB hazitamlemaza, mwache na taa ya kawaida ya joto na mwanga wa dirishani, ila usimweke nyuma ya kioo kinachochomwa na jua. Unyunyiziaji urefushe ufike dakika tatu hadi tano, manyunyu membamba, maana dakika moja haimtoshi hata kuanza kuosha jicho. Ile ncha ya njano inasema kiu imeanza. Kisha daktari wa wanyama, na uulize mapema kama amezoea reptilia. Taa inaweza kuwa chanzo, lakini uvimbe wa kulia na tongotongo vinanitia shaka kwamba pana kidonda tayari.

NyenjeMia

Mimi nina taa iliyojisokota mwaka wa pili na sijaona tatizo lolote, tusizilaani zote.

MzeeWaTundu

@NyenjeMia yako iko juu ya wavu au ndani ya tundu?

NyenjeMia

Juu ya wavu. Haya, nimekuelewa 😅

KopeNzito

Naongeza dogo. Mwangalie pembe za mdomo, pale nyuma ya taya. Vinyonga wana kifuko pale ambacho kikiingia usaha, uvimbe unapanda hadi chini ya jicho na watu wanatibu jicho bure mwezi mzima. Ukiona uvimbe huo au anapumua mdomo wazi bila kuwa na joto, hiyo haingoji wiki ijayo. Na kwa sababu hali, msije mkamfungua taya kwa nguvu kumlisha. Mdudu mshikie mbele kwa kibanio, upande wa jicho lililo zima.

TawiLaJuu

Mrejesho, siku ya nne. Taa niliitoa usiku uleule. Daktari alimtia rangi ya kijani jichoni akazima taa ya chumba, akammulika kwa kitochi cha buluu. Jicho la kushoto safi. La kulia likaonyesha mstari mwembamba unaong'aa, mchubuko wa kusugua tawini. Pembe za mdomo ziko sawa. Nilimwonyesha ile chupa yangu: ilikuwa ya deksamethasoni. Akaishika, akaniangalia, akairudisha mezani bila kusema neno. Mzee, nakudai soda, yaani wewe unanidai.

Nimepewa matone ya antibiotiki yasiyo na steroidi, mara tatu kwa siku. Vitamini hakumchoma, amesema nibadilishe unga tu. Kazi ipo kwenye kutia tone: akiona mkono anatanua koo, anageuka mweusi, anafumba macho yote na kuyavuta ndani. Nimejifunza kungoja. Tone nalidondoshea juu ya kope akiwa tawini, nakaa kimya, akifumbua lenyewe linaingia.

BiGamba

Vizuri. Maliza dozi hata akionekana amepona, na rudi apimwe tena kwa ile rangi. Tyubu mpya ikifika iweke nje juu ya wavu, tawi lishuke, na uandike tarehe kwenye kitako chake. Mwanga unaoonekana haukuambii UVB imebaki kiasi gani. Nyingi huhitaji kubadilishwa kati ya miezi 6 na 12.

TawiLaJuu

Siku ya kumi na moja. Jicho la kulia liko wazi tangu asubuhi, kope imenywea. Tyubu iko juu ya wavu, tawi nimelishusha hadi sentimita 25. Leo nimemwekea nyenje: wa kwanza amemkosa, ulimi ukapita pembeni kabisa. Akatulia, akamgeuzia macho yote mawili. Wa pili sikumwona hata alivyoondoka.