Kwa nini waandishi huupa upendo sura ya kula nyama ya mtu?

Msomaji wa Nkuhungu
Ndugu wasomaji, ninaandika hadithi fupi kuhusu mwanamke wa Kondoa anayemuuguza mumewe mpaka yeye mwenyewe anabaki mifupa mitupu. Kila usiku mume huota anautafuna mkono wa mkewe, naye mke humhimiza ale ashibe. Mwenzangu aliyeisoma rasimu anasema ndoto hiyo inachukiza na inalitia doa pendo lao. Mimi naona ndiyo inayosema kweli kuhusu kinachotendeka mchana chumbani mle. Sitiari hii imetoka wapi, na ni wapi inapokoma kuwa ya upendo?

Mwalimu wa Kikuyu, Dodoma
Ni ya kale sana. Dante, mshairi wa kale wa Italia, katika kitabu chake *Vita Nuova*, anasimulia njozi ambamo Upendo, kwa umbo la bwana wa kutisha, amempakata Beatrice, mwanamke ambaye Dante alimpenda, akiwa amelala, anamwamsha na kumlisha moyo wa Dante unaowaka moto. Beatrice anaula kwa woga na kusitasita, kisha Upendo anaangua kilio.

Mfano wa Boccaccio, mwandishi mwingine wa kale wa Italia, ni mkali zaidi. Katika hadithi ya tisa ya siku ya nne ya *Decameron*, kitabu chake cha hadithi zinazosimuliwa kwa siku kumi, mume anamuua mpenzi wa mkewe, anampa mpishi moyo wa marehemu akidai ni wa nguruwe mwitu, na mezani anajifanya hana hamu ya kula ili mke aumalize peke yake. Mke anapoambiwa ukweli, anatamka kwamba baada ya chakula cha heshima namna ile hatakula kingine tena, anajirusha dirishani na kufa. Mume alitaka kumdhalilisha kwa mlo ule, lakini mke aliugeuza kuwa heshima ya mwisho kwa mpenziwe. Kwa hiyo usiifute ndoto kwa sababu tu inachukiza.

Bibi wa Mpwapwa
Mwanangu, mwalimu amesema vema, ila mimi ninamwangalia huyo mke. Katika hadithi tulizosimuliwa utotoni, zimwi huja kuposa likiwa kijana mtanashati, na binti hugundua anaishi na nani wakati amekwisha kuwa mbali na kwao. Kanisani nako tunashiriki mwili na damu, lakini aliyejitoa alisema kwa kinywa chake, katika Yohana sura ya 6, kwamba mwili wake ni chakula, kabla hajakamatwa na mtu yeyote. Huyo wa Kondoa amesema lini? Maneno ya kumhimiza mume ale yamo ndotoni, na ndoto ni ya mume. Wanawake wengi wamesifiwa uvumilivu na watu ambao hawakuwahi kuwauliza kama wamekula.

Msomaji wa Nkuhungu
Shikamoo, bibi. Hilo sikuwa nimeliona kabisa, nami ninakushukuru kwa dhati. Ndoto nitaibakiza, ila nitaongeza sura ambayo mke anazungumza akiwa macho, na hapo mume atalazimika kumjibu.

Bibi wa Mpwapwa
Marahaba. Ukiimaliza iweke hapa tuisome, na usimfanye mume akamjibu upesi.