Mjadala: Matangazo yenye picha zilizopunguzwa viuno kwa kompyuta yaandikwe hivyo kwa sheria?

Binti_Pangani:
Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Ufaransa tangu 2017, tangazo lenye mwanamitindo aliyepunguzwa au kuongezwa mwili kwa kompyuta ni lazima liandikwe kwamba picha imeguswa. Ukikaidi, faini inafika euro 37,500. Norway wakafuata 2022, na kwao hata wanaolipwa kutangaza bidhaa kwenye kurasa zao wenyewe wamo. Hapa kwetu nikifungua simu tu ni chai ya kukata tumbo, mkanda wa kubana, picha ya "kabla na baada". Juzi nimekuza moja nikaona vigae vya ukutani vimepinda kufuata kiuno cha dada wa watu! Mdogo wangu ana miaka 16, ameacha kula usiku, na picha hiyo ndiyo aliyoihifadhi. Mimi nasema sheria hiyo tuipate. Ninyi je?

Kijana_wa_Mabibo:
Sheria ya nini tena? Mwili unafuata kichwa. Kuna utafiti wa Marekani wa 2007, wahudumu 84 wanaosafisha vyumba vya hoteli. Nusu wakaambiwa kazi yenu hii ni mazoezi tosha, wengine hawakuambiwa kitu. Baada ya wiki 4 walioambiwa wakapungua uzito na presha ikashuka. Hakuna dawa, ni fikra tu. Mdogo wako afumbe macho ajione ana mwili anaoutaka, na aache chipsi. Unene mwingi wa hapa mjini ni uvivu. Zamani mtu akikonda tulijua ana ngoma, yaani Ukimwi, sasa tumevuka huko, basi tusitafute visingizio.

Nesi_wa_Zamu:
Huo utafiti ungeusoma mpaka mwisho. Walipungua kama kilo moja, na habari za walichokula na walivyojishughulisha walijieleza wenyewe, hakuna aliyewafuata nyumbani. Na binti wa miaka 16 anayeruka mlo humwambii afumbe macho. Vita ya pili ya dunia ikielekea ukingoni, huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya zao walikubali kupunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi 6. Unajua walianza kufanya nini? Kukusanya vitabu vya mapishi. Kuota chakula. Kulamba sahani. Mtu mwenye njaa hana nafasi ya kuwaza kiuno, anawaza sahani tu mchana na usiku.

Mzee_wa_Kemondo:
Mimi sikuja kwa habari ya picha. Nimekuja kwa hilo neno la kijana, eti "tulijua ana ngoma". Mlijua nini? Sisi Kagera wagonjwa wa kwanza walipoonekana 1983, ugonjwa ukaitwa Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kinavuka mpaka. Waganda wakauita Slim, yaani mwembamba. Shangazi yangu alikonda kwa vidonda vya tumbo, na watu wakaacha kununua ndizi zake. Kanisani alikuwa anavaa sweta mbili ndani ya gauni ili mabega yajae. Alikufa mzee kabisa miaka mingi baadaye, na hakuwahi kuwa na virusi. Leo wewe unaliandika kama utani.

Kijana_wa_Mabibo:
Shikamoo mzee wangu. Mimi nimesema tumevuka, sijamcheka mgonjwa. Na hadithi yako inabeba hoja yangu hiyohiyo: watu walimwona shangazi kwa macho ya fikra zao. Ndiyo nguvu ninayoisema.

Mzee_wa_Kemondo:
Marahaba. Nguvu hiyo ilimkosesha riziki. Usiisifie.

Mama_Nasra:
Mzee kasema kweli tupu. Ndiyo maana sisi tuliolelewa miaka ile, mtu akituambia "umenenepa" tunaitikia alhamdulillah. Kwetu Tanga mwali anawekwa ndani, anasingwa, analishwa, akitoka ang'ae. Mke akikonda analaumiwa mume kwamba hamtunzi. Leo haohao waliokuwa wakitafuta wanawake wa kujaa mlangoni ndio wanaotuletea picha za vimbaombao. Wanaume hamjui mnachokitaka!

Kijana_wa_Mabibo:
Mama, wanaume tumeingiaje hapa? Kamati za harusi ni zenu, sare mnapanga ninyi, na wa kwanza kusema "fulani kajiachia" ni mwanamke mwenzie. Mimi mke wangu sijawahi kumgusia uzito wake.

Mama_Nasra:
Ila humu umewaita wanene wote wavivu. Unadhani yeye hasomi?

Fundi_Tandika:
Niwaambie ninachokiona mimi. Nashona sare za harusi na kichen pati. Mteja namzungushia futi kiunoni inasoma 38, ananiambia "andika 34, mpaka siku yenyewe nitakuwa nimepungua". Ukiandika 38 mbele yake uso unambadilika. Basi daftarini naandika 34, nakata ya 38, halafu nabana kwa ndani kwa mshono mrefu wa kufumuka, kitambaa nakibakiza pembeni. Wiki ya mwisho wanashindia maji ya limao na tango. Mmoja alinidondokea nikiwa nampima bega. Kwa hiyo mleta mada, sheria yako naiunga mkono, lakini sikia hili: picha aliyokuja nayo huyo dada kunionesha haikuwa ya mwanamitindo. Ilikuwa yake mwenyewe, kaipitisha kwenye filta. Anataka afanane na yeye wa kwenye simu. Hapo sheria ya matangazo itamkamata nani?

Mwalimu_Geita:
Fundi, umegusa penyewe. Lakini chanzo kinajulikana. Visiwa vya Fiji, mkoa wa Nadroga, televisheni iliingia 1995. Kwao mwili mkubwa ulikuwa sifa, na mgeni akija analazimishwa kula. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Anne Becker, aliwauliza wasichana wa sekondari mwaka huohuo, akarudi 1998 kuwauliza wa rika lilelile. Mwanzo hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha apungue. Baada ya miaka 3 walikuwa asilimia 11.3, na asilimia 74 walisema kuna wakati wanajiona wakubwa mno au wanene. Miaka mitatu tu! Na ilikuwa televisheni, haikuwa simu inayolala nao chini ya mto. Msiniambie tena ni uvivu.

Kijana_wa_Mabibo:
Mwalimu, unaniambia picha ina nguvu kichwani, nami nasema hivyohivyo tangu mwanzo. Mbona hamtaki itumike kwa faida? Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, 2011: watu walikunywa maziwa mazito ya kalori 380. Siku moja wakaambiwa ni ya kalori 620, siku nyingine wakaambiwa ni ya 140. Kinywaji kilekile, ila homoni ya njaa ikabadilika kwa kufuata walichoambiwa.

Mwalimu_Geita:
Malizia basi. Ilishuka sana walipoamini wamekunywa kizito. Walipoamini wanakunywa cha dayati, ilibaki karibu palepale. Maana yake ukimlisha mtu huku akiamini anajinyima, mwili unaendelea kudai. Utafiti wako unakupinga, kijana.

Mpita_Njia:
Hospitali ya Mloganzila si wanaweka puto tumboni mtu apungue? Mwenye shida aende huko, tusichoshane.

Nesi_wa_Zamu:
Puto ni tiba ya unene unaotishia afya ya mtu. Haliwekwi kwa ajili ya sare. Usichanganye.

Mzee_wa_Kemondo:
Mimi bado nipo kwenye salamu. Mama Nasra, nimekubaliana nawe, ila hilo "umenenepa" na lenyewe lina kisu. Nina mjukuu anajificha jikoni nikiwa na wageni. Salamu ya kwanza inatua mwilini mwake kabla hata hajaulizwa shule.

Mama_Nasra:
Baba, hiyo ni salamu ya mapenzi. Mnataka tusalimiane kama Wazungu, hali ya hewa? Mimi siachi.

Binti_Pangani:
Jamani, mada ni sheria.

Nesi_wa_Zamu:
Dada, kabla ya sheria nikuulize, maana naona kurasa mbili zimepita na hakuna aliyekuuliza. Mdogo wako hedhi inakuja? Anakaa chooni muda mrefu baada ya kula? Anahisi baridi hata mchana?

Binti_Pangani:
Hedhi kama miezi miwili hajaona. Mama alidhani mengine, wakagombana. Baridi ndiyo, anavaa sweta mchana. Mambo ya chooni sijui.

Nesi_wa_Zamu:
Mpeleke hospitali kesho asubuhi, msingoje wiki ijayo. Wampime presha, mapigo ya moyo na damu, na umweleze daktari hiyo habari ya kuruka mlo, usimwachie mtoto aseme mwenyewe. Njiani usimwambie amekonda, wala usimwambie ni mzuri. Muulize habari zake nyingine. Nyumbani mle sahani moja, simu ziwe mbali.

Mama_Nasra:
Mungu amjalie. Akirudi amenenepa njoo utuambie tushangilie.

Binti_Pangani:
Asante sana nesi, tunaondoka saa moja. Mama Nasra, najua unaisema kwa moyo mweupe, lakini neno hilo nyumbani kwetu nimelipiga marufuku kuanzia usiku huu, na shangazi zote nimewapigia.