Kundi la dini lenye cheti linaaminika?

Swali: Ndugu zangu wa Uganda, kundi jipya likionyesha cheti cha usajili, inatosha?

Jibu: Haitoshi hata kidogo. Kundi la Amri Kumi, lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, lilikuwa limesajiliwa, na 17 Machi 2000 mamia ya waumini wake waliteketea Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, ndani ya jengo lililopigiliwa misumari. Msajili husoma karatasi tu.

Jibu: Fuateni mali. Waumini wa kundi hilo waliuza mashamba, fedha zikaenda kwa viongozi. Mazungumzo yalikatazwa, wakatumia ishara. Mwaka 2000 ulipoingia bila dunia kwisha kama viongozi walivyotabiri, wengine walidai mali zao. Hapo ndipo hatari ilipokomaa.

Jibu: Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) aombe majina ya wanaolala kwenye kambi ya kundi jipya. Watoto hawaendi shule, ndugu wanazuiwa kuwaona? Polisi siku hiyohiyo, tafadhali.