Alama za SAT zina uzito gani katika ufadhili wa vyuo vya Marekani?

Mzazi wa Kisasa, Dodoma

Ndugu wanajamvi, binti yangu yuko kidato cha sita, tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na mwezi Agosti alipanda treni ya SGR kwenda Dar es Salaam kufanya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Amepata 1310 kati ya 1600, yaani Hisabati 760 na Kusoma na Kuandika 550. Wakala mmoja tuliyemlipa fedha za ushauri alituhakikishia kwamba anayevuka 1300 hulipiwa kila kitu, lakini kila tovuti ya chuo ninayoifungua inasema lake. Naomba kueleweshwa alama hizi zinahusiana vipi na fedha, na kama inafaa kurudia mtihani ambao ada yake inazidi dola 100, ukiacha nauli na malazi.

Mwalimu wa Hisabati, Kizota

Mzazi mwenzangu, wakala huyo amewauzia mbuzi kwenye gunia. Upo ufadhili unaotolewa kwa kigezo cha ufaulu na upo unaotolewa kwa kuangalia uwezo wa familia, na vyuo vyenye majina makubwa, kama Harvard, Yale, Princeton na MIT, hutoa huo wa pili tu. MIT ilirudisha sharti la SAT mwaka 2022, kwa hiyo alama zinahitajika ili mwombaji afikiriwe, lakini hata akipata 1600 kamili hakuna dola inayoongezeka kwa sababu ya alama hizo.

Alama hugeuka fedha katika vyuo vya umma kama University of Alabama, ambacho kimekuwa kikitangaza jedwali linalooanisha wastani wa ufaulu wa shuleni na alama za SAT au za ACT, mtihani mwingine wa namna hiyo, kisha kiasi cha punguzo la ada. Katika jedwali la namna hiyo, alama 20 au 30 zinaweza kumpandisha mwanafunzi daraja zima. Kwa upande mwingine, vyuo vya University of California havitazami SAT kabisa, si katika udahili wala katika ufadhili.

Kuhusu kurudia, ningekubali, ila nguvu zote ziende kwenye Kusoma na Kuandika. Tangu mtihani uhamie kwenye kompyuta, kila sehemu ina vipande viwili, na ugumu wa kipande cha pili hutegemea alivyofanya cha kwanza. Akiteleza mwanzoni hupewa maswali mepesi ambayo hayawezi kumfikisha juu. Huenda hiyo 550 imetokana na hapo.

Niliyerudi

Naongezea jambo ambalo lilinigharimu mimi mwenyewe. Katika kidato cha nne, alama 75 ni A, lakini Mmarekani akiiona 75 kwenye ripoti ya shule huisoma kama C, na wastani ukishuka namna hiyo hata SAT nzuri haikuokoi kwenye jedwali alilolitaja Mwalimu. Mwombeni mkuu wa shule aambatanishe maelezo ya madaraja ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) pamoja na ripoti.

Pili, piga hesabu ya kinachobaki. Tuseme gharama zote kwa mwaka ni dola 48,000 na binti amepewa 26,000: zinabaki 22,000, na chuo hakitatoa fomu ya I-20 ya kuombea viza mpaka uonyeshe fedha za mwaka wa kwanza zipo. Barua yangu ya kwanza ya ufadhili tuliisherehekea nyumbani kwa pilau, kisha ikaishia kabatini kwa sababu hiyo hiyo.

Mzazi wa Kisasa, Dodoma

Nawashukuru sana. Dola 22,000 kwa mwaka siziwezi, hata nikiuza kiwanja cha Ihumwa. Je, asipopata chuo kinachofidia pengo lote?

Mwalimu wa Hisabati, Kizota

Basi asiuweke rehani mtihani wa Mei, ule wa taifa wa kidato cha sita, kwa ajili ya SAT. Samia Scholarship, ufadhili wa serikali ya Tanzania ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, unawalenga wanaofaulu kwa kiwango cha juu katika tahasusi za sayansi, na kinachotazamwa hapo ni matokeo ya kidato cha sita. Arudie SAT Oktoba au Novemba, na akishatoka kwenye chumba cha mtihani afungue tena Fizikia. Ofisi ya EducationUSA iliyopo Ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, hutoa ushauri bila malipo. Mpitie huko kabla ya kumlipa wakala mwingine.