Mid Suffolk, Uingereza: ba-Green balitoka viti 12 bakafika 24 namna gani?

mwana_kamalondo

Jambo yenu bote. Niko na swali, naomba bale beko kule Uingereza ao bale banafwataka politiki ya kule banisaidie. Niko mu fac ya droit (sheria) hapa L'shi, Lubumbashi ya Kongo, prof alitupa kazi ya kulinganisha namna inchi zingine zinachagua baongozi ba chini kabisa, bale ba karibu na mutu. Mimi nikakamata Uingereza, na mu Uingereza nikaangukia baraza ya distrikti moja inaitwa Mid Suffolk, upande wa mashariki, mashamba na vijiji, batu karibu laki moja, muji yao yenye kujulikana ni Stowmarket.

Sasa muangalie matokeo. 2019: ba-Conservative (parti yenye ilikuwa inaongoza inchi) viti 16, ba-Green (parti ya mazingira) 12, Liberal Democrats 5, na mumoja mwenye hana parti. Tarehe 4 Mei 2023: ba-Green 24, ba-Conservative 6, Liberal Democrats 4. Jumla ni paka ile ile 34. Na ilikuwa mara ya kwanza mu Uingereza ba-Green kupata wingi kamili mu baraza yoyote, na banaipatia kwa bakulima, kule mimi niliwaza ni ngome ya ba-Conservative mpaka mwisho wa dunia.

Miaka ine tu, ni kitu gani kilipita? Na ile baraza iko na nguvu gani ya kweli? Ju hapa kwetu tulichagua bakonseye ba komini (batu ba baraza ya komini) tarehe 20 Desemba 2023, mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006, lakini uingie mu barabara za Kamalondo, komini ya hapa L'shi, uulize mutu konseye wake ni nani, atakuangalia tu. Inaniuma sana, njo maana nataka kuelewa kule mutu wa kijiji anatoka mu nyumba kwenda kupigia kura baraza ndogo vile ju ya nini.

avoka_katuba

Mudogo, anzia kwa namna banahesabu, ju pale njo siri kubwa iko. Kule kwa mabaraza ya Uingereza hakuna proportionnelle (kugawa viti kufwatana na asilimia ya kura). Distrikti inakatwa mu kartie za uchaguzi, zingine kiti kimoja, zingine viti viwili, penye viti viwili mupiga kura anaweka alama mbili. Mwenye kura mingi anakamata kiti, basi, hakuna mabaki ya kugawana, hakuna seuil (asilimia yenye parti lazima ifikishe). Sisi huku kwa depite tuko na liste na seuil na hesabu ya mabaki mpaka unachoka kichwa, na kandida mwenye kura mingi mu ville anaweza kubaki inje ju parti yake haikufikisha asilimia.

Chukua mufano wa kuwaza tu: kartie moja Green 420, Conservative 400, Labour 180. Green anabeba kiti yote na batu 580 habakumuchagua. Sasa kama mu kartie kumi na tano unapitwa na kura 20 ao 30, batu kidogo sana bakihama siku moja, viti vyote vile vinahama pamoja nabo. Njo vile 16 inaanguka 6. Kwa hiyo mu travail yako usiandike kwamba watu wa Mid Suffolk theluthi mbili bamekuwa ba-Green ju ya viti 24 kwa 34, prof atakukata. Viti ni kitu moja, kura ni kitu ingine, uende utafute kura za kila kartie uweke pembeni.

Na angalia tena, siku ile ile ya 4 Mei 2023 ba-Green balipoteza Brighton, kule balikuwa banaongoza muji, Labour akakamata viti 38 kwa 54 na Green bakabakia na 7. Muji yenye kila mutu alijua ni yao bakaikosa, mashamba yenye hakuna mutu aliwaza bakaipata.

maman_ipswich

Mwanangu jambo. Mimi ni mama wa L'shi, nilikomalia Ruashi, sasa niko Ipswich, tunapakana na hiyo Mid Suffolk, na ofisi kubwa za baraza yao ziko hapa hapa Ipswich.

Swali yako ya nguvu. Kule kuko ngazi mbili. Distrikti inakamata mambo ya karibu: kubeba takataka ya nyumba, ruhusa ya kujenga, nyumba za kupangisha kwa batu bale hawana uwezo, kuchunguza usafi wa restora, leseni. Kaunti, pale ni Suffolk nzima, inakamata masomo, barabara, kuangalia bazee na batoto bale beko mu shida, bibliotheki. Hata takataka yenyewe inagawanyika, distrikti inaibeba pa mlango, kaunti njo inajua kwenye itatupwa ao kuchomwa. Kila mara utasikia mutu anagombeza konseye wa distrikti ju ya mashimo ya barabara na yule maskini anajibu barabara si yangu, mama, enda kwa kaunti. Na kaunti ya Suffolk ba-Conservative balishinda tena mu eleksio ya 2021, kwa hiyo ba-Green bale unaona bameshinda bako na pubele (takataka) na ruhusa za kujenga, barabara habana.

Usidharau ruhusa ya kujenga hata! Kule njo vita yenyewe iko. Mutu ana shamba, kampuni inakuja inataka kuweka nyumba mia mbili pembeni ya kijiji ya nyumba themanini, hakuna shule ya kutosha, hakuna dokta, maji ya mvua itapita wapi. Ile faili inaenda kwa bakonseye ba distrikti, banakaa, banasikiliza, banapiga kura. Mutu wa kijiji anajua kabisa konseye wake atainua mukono ao hatainua, anamujua jina na nyumba. Njo anatoka kwenda kupiga kura. Si bote, kwa eleksio za mabaraza mara mingi hata nusu ya batu habaendake, lakini bale banaenda banajua banaenda kutafuta nini.

Halafu kuko feza. Kila nyumba inalipa kodi yenye inaitwa council tax, nyumba zimepangwa mu mafungu kutoka A mpaka H kufwatana na bei ya nyumba ya 1991 (ndiyo, 1991, mpaka leo). Distrikti njo inatuma barua na kukusanya, lakini sehemu kubwa inaenda kwa kaunti, yeye anabaki na kipande kidogo. Barua yenyewe inaonyesha kila mutu amekula ngapi, fungu kwa fungu. Mimi mara ya kwanza kuiona niliikamata niliisoma yote, nikawaza mama zetu ba soko banalipa taxe kila asubuhi, banapewa kajeton ya kuonyesha balilipa, na hakuna karatasi yenye kubaambia inaenda wapi. Inaniumaka mpaka leo.

ruashi_243

Maman asante sana, lakini mimi niulize kitu ya muhimu: banahesabu na nini? Ju hapa tulipiga na mashini, zingine zilichelewa, fasi zingine kura ilienda mpaka kesho yake na siku zenye zilifwata, kisha batu bakaanza kuambiana mambo mingi. Kule nani anachunga? Na kama babili banapata kura sawasawa inakuwa namna gani?

avoka_katuba

Banahesabu na mikono. Karatasi na kalamu ya risasi, mutu anaweka X, anakunja, anatupa mu sanduku. Biro za kura zinafunguka saa moja ya asubuhi mpaka saa ine ya usiku. Kisha masanduku yanaletwa fasi moja, mara mingi ni salle kubwa ya michezo, banafungua, kwanza banahakikisha hesabu ya karatasi inalingana na ya kila biro, kisha njo banatenganisha kwa kandida. Bakandida benyewe na ba-agent babo beko pale banaangalia juu ya meza, kama tofauti ni ndogo unaomba bahesabu tena. Karatasi yenye haieleweke banaita bakandida bote, banaionyesha, wanasema hii tunaitupa ju ya hivi. Mimi kama mutu wa sheria hapo njo ninapapenda kupita fasi zote, mugomvi unaishia pa meza mbele ya macho ya bote. Kama bado hautosheke, uko na siku 21 za kupeleka malalamiko kwa tribinali.

Kura sawasawa: sheria inasema ni bahati nasibu. 2017 kule Northumberland, kartie ya South Blyth, Conservative na Liberal Democrat balipata kura 356 kila mumoja, bakahesabu tena na tena, mwisho bakavuta vijiti. Liberal Democrat akashinda, na Conservative bakabaki na viti 33 kwa 67, kimoja tu kilibakosesha wingi. Mutu mumoja angebakia nyumbani siku ile, baraza yote ingekuwa ingine.

mwalimu_wa_Kivu

Naomba niongeze upande wa politiki ju ndugu avoka amesema hesabu tu. Mimi ni mwalimu wa histoire, natoka Bukavu lakini niko Lubumbashi siku mingi.

Mei 2023 ilikuwa wakati mbaya sana kwa Conservative inchi nzima. Waziri mukuu Boris Johnson alikuwa amesukumwa kutoka mu 2022, Liz Truss mwenye alimufwata akakaa siku 49 tu, riba za mikopo ya nyumba zikapanda, chakula na umeme vikapanda. Siku ile moja Conservative walipoteza zaidi ya viti elfu moja vya mabaraza Uingereza yote. Lakini zile kura zilienda wapi, hapo ndipo inapendeza: fasi zingine Labour, fasi zingine Liberal Democrats, na Mid Suffolk zikaenda Green, Labour hakupata hata kiti kimoja. Kwa nini? Kwa sababu ba-Green tayari walikuwa na viti 12 pale, watu walikuwa wamewaona wakifanya kazi miaka mingine ine. Mutu anayetaka kumutoa kiongozi anatafuta yule mwenye anaweza kumutoa kweli hapo kwao, haangalie nani ni mukubwa London. Na hawakuishia hapo, Julai 2024 Adrian Ramsay wa Green akapata ubunge wa Waveney Valley, jimbo linaloshika kipande cha Suffolk na cha Norfolk, muji wa Eye wa Mid Suffolk uko ndani.

Jambo lingine la kuandika: kandida wa baraza kule halipi feza ya dhamana. Wa bunge ndiye anaweka paundi 500, na anarudishiwa akifikisha asilimia 5. Sisi huku kandida analipa na hairudi. Hapo unachuja watu kabla kura haijaanza, mwalimu kama mimi hata nikipendwa na kartie nzima nitatoa wapi.

mwana_kamalondo

Asante sana bazazi na bayaya, sikuwaza nitapata vile. Mama wa Ipswich, na weye unapiga kura? Na mkongomani mwenye amefika juzi, ana haki?

maman_ipswich

Mimi napiga ju nilipata uraia. Mbele ya pale, hapana. Kule kwa mabaraza banapigaka baraia ba Uingereza, ba Irlande, na ba inchi za Commonwealth (umoja wa inchi zenye mingi zilitawaliwa na Uingereza) bale beko na ruhusa ya kukaa, pia bamoja ba Ulaya. Kongo haiko mu Commonwealth. Kwa hiyo Muzambia wa ngambo ya Kasumbalesa anafika, anajiandikisha, anapiga. Muganda vilevile, Mutanzania, Mukenya, Munyarwanda (balingia 2009). Mukongomani wa jirani yake, analipa council tax ile ile, batoto banasoma shule moja, anangoja uraia. Hilo sikubaliane nalo na nitalisema kila mahali, mwenye kulipa kodi ya muji angesikilizwa mu muji.

Na tangu ile Mei 2023 lazima uonyeshe karte yenye picha pa biro. Tume yao ya uchaguzi yenyewe ilisema batu kama 14,000 balirudishwa habakupiga ju ya ile. Paspoti ya Kongo haikubaliwe, hata ukiwa umepata uraia, beba permis ya kuendesha ya hapa ao uombe ile sertifika ya bure ya kupigia kura.

ruashi_243

Na sasa burugumestre (mukubwa wa komini) wao, ni serikali inaweka sawa hapa?

avoka_katuba

Hapana. Bakonseye benyewe banachagua kiongozi kati yabo, Mid Suffolk balimuchagua Andy Mellen wa Green. Hapa kwetu konseye anachaguliwa lakini burugumestre bado anateuliwa kutoka juu, kwa hiyo konseye anaongea na mutu mwenye hakumuweka na hawezi kumutoa. Mudogo, hii njo ningeweka katikati ya travail yako, si rangi ya Green.

Ila uandike pia kwamba ile baraza iko karibu kufa. Desemba 2024 serikali ya London ilitangaza inataka kutoa ngazi mbili, distrikti na kaunti ziunganishwe mu baraza moja moja kubwa, na Suffolk iko kati ya zile za kwanza, hata eleksio ya kaunti ya Mei 2025 bakaisogeza. Mid Suffolk ilizaliwa 1974. Mimi naona ni sawa, mambo ya pubele mu ofisi mbili ni kupoteza feza.

maman_ipswich

Avoka, hapo sitakufwata. Mutu wa muji mudogo wa Eye amuite konseye mwenye anashika batu mara ingapi zaidi? Leo anamukuta pa duka. Bakiunganisha, faili ya ile nyumba mia mbili itaamuliwa na batu bale habajawahi kukanyaga pale.

Mwanangu, eleksio ya Mid Suffolk ya kawaida ingekuwa Mei 2027. Ukitaka matokeo ya kila kartie ya 2023, baraza iliyaweka yote pa site yao, jina na kura za kila kandida, mpaka na karatasi zenye zilitupwa. Ukikwama kwa kingereza uniandikie, nitakusomea.